Reggae Kando ya Maji: Yanayopaswa Kupangwa Kabla Spika Hazijawashwa

Kila msimu wa likizo unapokaribia, vijana wengi huanza kuulizana ni wapi kutakuwa na reggae ya moja kwa moja, yaani bendi kamili jukwaani badala ya nyimbo zinazochezwa na DJ. Wapo wanaopanga safari ya Pwani. Wapo pia wanaouliza kwa nini tamasha kama hilo lisifanyike karibu na nyumbani Kibirichia, kando ya mto au bwawa.

Swali hilo ni la maana. Tamasha moja likiandaliwa vizuri humpa kazi mwanamuziki, fundi wa umeme, mwenye mahema, mchoma viazi na mwendesha bodaboda. Hata hivyo, tamasha la kando ya maji si sawa na la uwanja wa shule. Sauti husafiri mbali zaidi, hatari ya mtu kuzama ipo, na maji yanayochafuliwa leo huenda kesho yakachotwa na familia inayoishi upande wa chini. Makala haya yanaeleza kinachohitajika ili muandalizi, mshabiki na jirani wote wapate haki yao.

Kwa nini kando ya maji?

Reggae ilizaliwa katika kisiwa cha Jamaika mwishoni mwa miaka ya 1960, na mnamo Novemba 2018 shirika la UNESCO liliiingiza katika orodha ya turathi za utamaduni za binadamu. Tangu mwaka wa 1993, mji wa Montego Bay ulio kwenye ufuo wa kisiwa hicho umekuwa nyumbani kwa tamasha kubwa la Reggae Sumfest. Hapa Kenya, bustani ya Mama Ngina Waterfront mjini Mombasa, ambako sherehe za kitaifa za Siku ya Mashujaa zilifanyika mwaka wa 2019, imeonyesha jinsi eneo la ufuo linavyoweza kutengenezwa likapokea umati mkubwa.

Kibirichia haina bahari wala ziwa. Ina mito inayoshuka kutoka Mlima Kenya na mabwawa ya kunyunyizia mashamba maji. Sehemu hizi hupendeza macho, lakini hazikujengwa kupokea maelfu ya watu. Ndiyo maana mipango inapaswa kuanza wiki kadhaa kabla ya siku yenyewe.

Nani hutoa ruhusa?

Jedwali la Nne la Katiba ya mwaka 2010 limezipa serikali za kaunti jukumu la kudhibiti kelele, kusimamia burudani za umma na shughuli za utamaduni, kutoa leseni za vileo, na kutunza bustani na fuo za burudani. Kwa hivyo, mahali pa kwanza pa kubisha ni ofisi ya msimamizi wa wadi, ambaye humwelekeza muandalizi kwa idara zinazohusika.

Muandalizi wa tamasha la umma anapaswa kujiandaa kwa mambo haya:

• Idhini ya maandishi ya mwenye ardhi. Ikiwa ni ardhi ya msitu wa serikali, mhusika ni Huduma ya Misitu ya Kenya.
• Taarifa ya mapema kwa kituo cha polisi cha eneo hilo, ikionyesha tarehe, saa, mahali na idadi ya watu wanaotarajiwa.
• Kibali cha kelele.
• Leseni ya vileo, ikiwa vitauzwa. Sheria ya mwaka 2010 inakataza kumuuzia kileo mtu yeyote aliye chini ya umri wa miaka 18.
• Vyeti vya afya kwa wanaouza chakula.
• Malipo ya hakimiliki. Bendi inayoimba nyimbo za wengine inatumia mali ya watu, na watunzi wana haki ya kulipwa.

Besi, maji na baridi ya usiku

Malalamiko mengi kuhusu matamasha huwa ni ya kelele, na kwa reggae kuna sababu ya kisayansi. Uti wa mgongo wa muziki huu ni besi. Sauti nyembamba huzuiwa kwa urahisi na ukuta au miti, lakini sauti nzito ya besi hupenya ukuta na kusambaa pande zote. Ndiyo maana mtu aliye mbali husikia mdundo hata kama hasikii maneno ya wimbo.

Maji huongeza jambo la pili. Uso wa maji yaliyotulia haunyonyi sauti kama nyasi au mimea, huirudisha hewani. Jioni, hewa iliyo karibu na maji hupoa kuliko iliyo juu yake, na tofauti hiyo huipinda sauti irudi chini badala ya kupotea angani. Mabonde ya nyanda za juu, ambako hewa ya baridi hushuka na kutulia usiku, yana tabia hiyo hiyo.

Kanuni za kitaifa za kelele za mwaka 2009 zinaweka kiwango cha nje katika maeneo ya makazi kuwa desibeli 50 mchana na 35 usiku. Usiku kwa mujibu wa kanuni hizo huanza baada ya saa mbili jioni na kuisha saa kumi na mbili asubuhi.

Hesabu ndogo inaonyesha uzito wa jambo hili. Katika uwanja wazi, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6 kila umbali unapoongezeka mara mbili. Spika zinazotoa desibeli 100 kwa aliyesimama mita 10 zitasikika kwa karibu desibeli 76 kwa aliye mita 160, na karibu 58 kwa aliye zaidi ya kilomita moja. Hapo hata kiwango cha mchana kimepitwa, sembuse cha usiku. Kwa mkulima anayeamka alfajiri kukamua ng'ombe, kwa mgonjwa na kwa mtoto mchanga, huo ni usiku bila usingizi.

Dawa ipo. Tamasha linaloanza adhuhuri na kumalizika kabla ya saa mbili jioni huepuka sehemu kubwa ya tatizo. Spika zielekezwe mbali na nyumba na zisielekezwe kwenye maji, na besi ipunguzwe jua linapozama. Majirani waarifiwe mapema, wapewe na nambari ya simu ya mtu atakayepokea malalamiko siku hiyo. Mashabiki nao walinde masikio yao: mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani, WHO, lilipendekeza kuwa wastani wa sauti katika kumbi na matamasha usizidi desibeli 100.

Maji ni ya wote

Kingo za mito hulindwa kisheria. Eneo la kati ya mita 6 na 30 kutoka ukingoni, kulingana na ukubwa wa mto, halipaswi kujengwa wala kuharibiwa. Jukwaa, jenereta, magari na vyoo vya muda vikae nje ya eneo hilo. Mafuta ya jenereta yakimwagika karibu na maji, au choo kikijaa na kufurika, hasara humfikia asiyenunua hata tiketi moja. Ni vyema muandalizi azungumze pia na chama cha watumiaji wa maji wa mto huo.

Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017. Tangu Juni 2020, plastiki za kutumika mara moja, zikiwemo chupa za maji, haziruhusiwi katika misitu ya hifadhi, mbuga za kitaifa na fuo.

Kuna pia heshima ya mahali. Ziwa Nkunga, lililo katika msitu wa Mlima Kenya, huitwa na wengi ziwa takatifu. Si kila ukingo wa maji unaovutia unafaa kuwekwa jukwaa, na wazee wa eneo wanapaswa kuulizwa kabla ya bango la kwanza kubandikwa.

Usalama wa umati

Kati ya jukwaa na maji panahitajika uzio imara, taa na watu wanaojua kuogelea, wakiwa na kamba na maboya. Anayekunywa kileo asikaribie maji. Nyaya za umeme zipitishwe juu au zifunikwe, na jenereta iwe na swichi inayokata umeme papo hapo hitilafu inapotokea. Njia ya ambulensi ibaki wazi muda wote, na njia za kutokea ziwe zaidi ya moja.

Kwa mnunuzi wa tiketi, tahadhari ni tatu. Kwanza, ahakikishe jina linalotokea kwenye simu kabla ya kuthibitisha malipo ni la muandalizi aliyetajwa kwenye tangazo. Pili, aulize tamasha linaisha saa ngapi na apange usafiri wa kurudi kabla ya kuondoka nyumbani. Tatu, mzazi asimwache mtoto peke yake penye maji.

Mkazi afanye nini?

Mkazi mwenye wasiwasi asingoje usiku wa tamasha. Anaweza kufika katika ofisi ya wadi au kwa chifu mara tu anapoliona tangazo, na kuuliza kama vibali vimetolewa na muziki utazimwa saa ngapi. Kikundi cha vijana kinachotaka kuandaa tamasha nacho kinashauriwa kufika katika ofisi hiyo hiyo kabla ya kulipa bendi malipo ya awali, kwa kuwa fedha zilizokwishalipwa ni vigumu kurudishwa kibali kikikosekana.

Wakati wa dharura, piga 999 au 112. Mtoto akiwa hatarini, piga 116. Kwa visa vya dhuluma za kijinsia, piga 1195. Nambari hizi hazitozi malipo.