Chaji za Umeme na Radi ya Nyanda za Gusii

Kila kitu kimejengwa kwa atomu, na ndani ya atomu mna chaji za aina mbili. Protoni, zilizo kwenye kiini, zina chaji chanya. Elektroni, zinazokizunguka kiini hicho, zina chaji hasi. Chaji ya elektroni moja ni sawa kwa kiasi na ya protoni moja, kwa hiyo atomu yenye idadi sawa ya hizo mbili haina chaji kwa jumla. Ndiyo sababu jiwe la sabuni la Tabaka huko Kisii, mkungu wa ndizi na mwili wa binadamu havionyeshi dalili yoyote ya umeme, ingawa vimejaa chaji kupita hesabu. Kitu hupata chaji pale elektroni chache zinapokihama au kukihamia. Hakuna chaji mpya iliyoumbwa hapo. Zilizokuwapo zimetenganishwa tu.

Kutenganisha huko hakuhitaji mtambo. Kitana cha plastiki kikipitishwa mara kadhaa kwenye nywele kavu, huchukua elektroni za nywele na kubaki na chaji hasi. Nywele zilizopokonywa elektroni hubaki na chaji chanya na kuanza kusimama, kwa kuwa chaji za aina moja husukumana. Kitana hicho kikisogezwa juu ya vipande vya karatasi, vipande huruka na kunata juu yake. Hapa pana jambo la kustaajabisha kidogo, maana karatasi haina chaji. Kinachotokea ni kwamba chaji hasi ya kitana husukuma elektroni za karatasi upande wa mbali na kuacha upande wa karibu ukiwa chanya. Upande wa karibu huvutwa, wa mbali husukumwa, na kwa kuwa nguvu hupungua umbali unapoongezeka, mvuto hushinda. Jaribio hili hufaulu vizuri siku kavu za Januari. Katika mvua za Aprili huko Kisii mara nyingi halifanikiwi, kwa sababu unyevu hupitisha chaji na kuitorosha kabla haijakusanyika.

Mfaransa Charles-Augustin de Coulomb ndiye aliyeipima nguvu hiyo na kuitolea kanuni mwaka 1785. Alitumia mizani iliyoning'inizwa kwa uzi mwembamba, akapima jinsi uzi ulivyojipinda tufe mbili ndogo zenye chaji ziliposukumana. Kanuni yake ina sehemu mbili. Nguvu huongezeka kulingana na zao la chaji hizo mbili, na hupungua kulingana na mraba wa umbali: umbali ukiwa mara mbili, nguvu hubaki robo, ukiwa mara tatu, hubaki sehemu moja ya tisa. Chaji hupimwa kwa kulombu, kipimo kilichopewa jina lake. Ili kupata nguvu kwa nyutoni, zao la chaji hugawanywa kwa mraba wa umbali katika mita, kisha jibu huzidishwa kwa bilioni 9.

Bilioni hizo 9 ndizo zinazoonyesha ukubwa wa nguvu ya umeme. Chaji mbili za kulombu 20 kila moja, moja chanya na nyingine hasi, zikitenganishwa kwa kilomita 4, huvutana kwa nyutoni 225,000, sawa na uzito wa tani 23 hivi. Tarakimu hizo hazikuokotwa popote tu. Chaji na umbali wa kiasi hicho hupatikana ndani ya wingu la radi, na mawingu ya namna hiyo ni mengi juu ya Kisii na Nyamira, katika nyanda za Gusii.

Wingi huo unatokana na Ziwa Victoria na milima kuwa jirani. Mchana ardhi hupata joto upesi kuliko maji, na upepo wa ziwani wenye unyevu huvuma kuelekea mashariki. Ukifika nyanda za Gusii hukutana na miinuko pamoja na upepo unaotoka mashariki, ukalazimika kupanda. Unyevu hupoa ukawa matone, matone huwa wingu, na kuanzia saa nane mchana hadi jioni mvua hunyesha kwa ngurumo. Usiku mambo hugeuka: nchi kavu hupoa, na radi nyingi huhamia juu ya ziwa lenyewe.

Chaji hutenganishwa katika sehemu ya wingu yenye baridi kali, ambako barafu na matone ya maji ambayo bado hayajaganda huwa pamoja. Fuwele ndogo za barafu hubebwa juu na hewa inayopanda, huku chembe nzito za mvua ya mawe laini zikielekea chini. Zikigongana, aghalabu chembe nzito hubaki na chaji hasi na fuwele nyepesi huondoka na chaji chanya. Basi kilele cha wingu huwa chanya na sehemu ya kati na ya chini huwa hasi. Karibu na ikweta, kiwango cha nyuzi sifuri za Selsiasi kiko yapata kilomita 4.5 hadi 5 juu ya usawa wa bahari. Mji wa Kisii uko mita 1,700 hivi, na sehemu za Nyamira hupita mita 2,000, kwa hiyo barafu haina safari ndefu hadi chini. Mara nyingine hufika kabla ya kuyeyuka na kupasuapasua majani chai.

Chaji hasi ya wingu huifanyia ardhi kile ambacho kitana hukifanyia karatasi: husukuma elektroni mbali, na uso wa ardhi hubaki chanya. Kwa kawaida hewa haipitishi umeme, lakini uwezo huo una kikomo. Hewa kavu huvunjika volti zinapofika milioni 3 hivi kwa kila mita. Ndani ya wingu kiasi kidogo zaidi hutosha kuanzisha mchirizi wa chaji, ambao hushuka kwa hatua za makumi ya mita. Unapokaribia chini, chaji chanya hujazana kwenye ncha ndefu: mkaratusi, mnara wa simu, msalaba wa kanisa, kichwa cha mtu aliyesimama shambani peke yake. Mchirizi mwingine hupanda kutoka kwenye ncha mojawapo. Michirizi hiyo miwili inapokutana, njia inakamilika na mkondo wa ampea 30,000 hivi hupita katika muda mfupi kuliko sehemu moja ya elfu ya sekunde. Hewa ya njia hiyo hufika nyuzi 30,000 za Selsiasi na kutanuka kwa kishindo, na hiyo ndiyo ngurumo. Sauti huchukua sekunde 3 hivi kusafiri kilomita moja.

Chaji yenyewe inayohama si nyingi. Radi ya kawaida hushusha kulombu 15 hivi, kiasi ambacho chaja ya simu ya ampea moja hukipitisha kwa sekunde 15. Hatari iko kwenye volti nyingi mno na muda mfupi mno. Rangi ya nguo haihusiki kamwe, hata kama watoto wengi wamekatazwa kuvaa nyekundu mvua ikitanda. Na imani kwamba radi hutumwa na adui haielezi kwa nini huangukia zaidi vilele na miti mirefu.

Hata radi ikipiga mti, si lazima imguse mtu ili imdhuru. Mkondo husambaa ardhini, na volti hupungua kadiri ya umbali kutoka kwenye shina. Kwa makadirio, mita 10 kutoka shinani, katika udongo wenye unyevu, tofauti inaweza kufika volti elfu kadhaa kwa kila mita. Ng'ombe ana karibu mita moja na nusu kati ya miguu ya mbele na ya nyuma, na mkondo unaopanda mguu mmoja na kushuka mwingine hupitia moyoni. Hiyo ndiyo sababu ng'ombe kadhaa hufa pamoja chini ya mti mmoja. Mtu aliyebanisha miguu hupata tofauti ndogo, lakini la busara zaidi ni kutokuwa hapo.

Kinga ya radi, ambayo Benjamin Franklin aliipendekeza katikati ya karne ya 18, hufuata kanuni hizo hizo. Fimbo ya chuma huinuliwa juu ya paa, ikaunganishwa kwa waya mnene wa shaba na vyuma vilivyozikwa ardhini, ili mkondo upate njia rahisi kuliko kuta na watu. Mabati peke yake hayaiti radi, ila yakikaa juu ya nguzo za mbao bila kuunganishwa na ardhi, mkondo uliotua juu yake huruka hadi kwenye nyaya za taa, mabomba au mtu aliyeegemea ukuta. Waya uliokatika au ulioibwa huiacha fimbo ikiwa juu bila njia ya kuteremshia mkondo, na jengo likawa hatarini kama lingekuwa bila kinga, pengine zaidi. Ukaguzi hutazama viungo vya waya, kutu, na hali ya udongo penye chuma kilichozikwa, kwani udongo mkavu wa kiangazi hupitisha mkondo kwa shida kuliko udongo uliolowa.