Gari languruma, je, lasimama?

Jumamosi jioni ukipita Mama Ngina, pale kwenye mibuyu, utatusikia kabla hujatuona. Sisi ndio wale vijana wa magari madogo yenye makeke: Swift Sport, Vitz RS, Demio Sport, Fit RS. Mmoja anatafuna krispi za muhogo, mwingine anapangusa rimu kwa kitambaa, na hakosi mmoja anayekanyaga mafuta gari likiwa limesimama ili watu wajue ameweka ekzosi mpya.

Masika ya 2024, huyo mmoja nilikuwa mimi.

Niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, nikapata kazi ya kuhamisha magari kutoka bandarini hadi kwenye yadi za wauzaji. Huko ndiko nilikoambukizwa ugonjwa huu. Kenya hairuhusu kuingiza gari la mtumba lililozidi miaka 8, kwa hivyo magari ya Japan yalikuwa yanapita mikononi mwangu kila wiki yakiwa bado na nguvu zake. Nikaangukia Suzuki Swift Sport ya mwaka 2012. Injini ya 1.6 isiyo na tabo, nguvu za farasi 136, gia sita za mkono. Nililinunua kwa mtu, nikamlipa kidogo kidogo miaka miwili.

Deni lilipokwisha nikabaki na Sh60,000 za kuchezea. Nikachukua ekzosi na filta ya wazi, ile inayovuta hewa kwa sauti. Salio nikanunua matairi manne ya mtumba. Yalikuwa meusi, yanang'aa, na meno bado yapo.

Fundi wangu ni mzee mmoja wa Kibokoni tunayemwita Ami. Alitazama ule mzigo, akaniuliza: "Mwanangu, wataka gari likimbie au wataka lisikike?" Nikacheka, nikamwambia funga tu, Ami.

Wiki mbili baadaye, mvua inanyesha baada ya Maghrib, natoka Nyali kuingia kisiwani. Nilikuwa kwenye 60 hivi, si mwendo wa kujisifu. Karibu na Buxton tuktuk iliyokuwa mbele ikafunga breki. Na mimi nikafunga. Gari halikusikia. Liliteleza kama sabuni kwenye vigae, usukani mwepesi mkononi kana kwamba haujaunganishwa na kitu. Nikavuta kushoto, nikapanda ukingo wa barabara, rimu ikapasuka, gari likasimama bega kwa bega na ile tuktuk. Ndani mlikuwa na mama na watoto wawili waliotoka madrasa. Msichana mdogo alifunua turubai akanitazama. Hakusema kitu. Mama yake pia hakusema kitu, akamvuta tu karibu.

Asubuhi Ami akapangusa ubavu wa tairi kwa kidole. "Si wewe ulofika chuo? Haya, soma." Nikasoma: 3113. Sikujua maana yake. Akanieleza. Lilitengenezwa wiki ya 31 ya mwaka 2013. Nilikuwa nimenunua mpira wenye umri wa zaidi ya miaka 10, nikaufunga chini ya gari, nikabeba na maisha ya watu.

Tangu siku hiyo nimebadilisha mpangilio wangu wote wa kununua vitu vya gari. Nawapa bure, mimi nimeshaulipia.

Anza na mpira

Gari zima linagusa barabara kwa vipande vinne tu, kila kimoja kama upana wa kiganja. Ukiongeza nguvu, nguvu inapita hapo. Ukifunga breki, breki inapita hapo. Kwa hivyo pesa ya kwanza iende kwenye matairi.

Jifunze kusoma ubavu. Langu linatoka kiwandani na 195/45R17. Namba 195 ni upana kwa milimita. 45 ni urefu wa ubavu, yaani asilimia 45 ya ule upana, ambayo ni kama milimita 88. 17 ni inchi za rimu. Baada ya hapo utaona kitu kama 81W: 81 ni uzito ambao tairi moja linaweza kubeba, kilo 462, na W ni kasi ya juu linayostahimili, kilomita 270 kwa saa. Usishuke chini ya kile gari lako linachotaka, hata kama muuzaji anakuapia kwamba "yote ni sawa".

Kisha tafuta zile tarakimu nne za mwisho baada ya neno DOT. Mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Mpira huzeeka hata ukiwa umekaa tu dukani, na joto letu la Mombasa linauzeesha haraka zaidi. Unakuwa mgumu, na mpira mgumu haushiki lami yenye maji. Makampuni mengi ya matairi yanasema miaka 10 ndio mwisho kabisa, hata kama meno bado yapo. Mimi sasa nikiona limepita miaka mitano silinunui.

Kwenye mifereji ya tairi kuna vinundu vidogo. Meno yakiisha hadi kulingana navyo, umebakiwa na milimita 1.6, na kwa mvua ya Mei hiyo ni kipara. Matairi mengi pia yana alama za Marekani: neno "Traction" likifuatwa na AA, A, B au C. Alama hiyo inapima jinsi tairi linavyosimamisha gari kwenye barabara yenye maji. Tafuta AA au A.

Rimu kubwa si lazima iwe bora

Najua rimu ya inchi 17 au 18 inapendeza kwenye picha. Lakini tunaishi wapi? Ukitoka Ndia Kuu hadi Kibokoni unapita kabro, mitaro, kona ambazo kioo cha pembeni kinakaribia kubusu ukuta, halafu matuta. Ubavu mwembamba hauna mto wa kupokea pigo, na pigo linaishia kwenye rimu.

Mimi nilishuka hadi 195/50R16. Piga hesabu: kimo cha gurudumu zima kimepungua chini ya milimita 6, takriban asilimia moja, kwa hivyo spidomita haijapotoka sana. Ubavu umeongezeka karibu milimita 10, na tairi la inchi 16 nililipata kwa bei nafuu. Kabla hujanunua rimu, hakikisha mambo matatu: matundu ya boliti yanalingana (yangu ni matano, 114.3), tundu la katikati linakaa sawasawa, na rimu haigusi kalipa ya breki. Ivalishe na uizungushe kwa mkono kabla hujatoa pesa.

Upepo wa tairi upime asubuhi likiwa baridi, kwa kufuata kibandiko cha mlango wa dereva. Usifuate kichwa cha kijana wa kujaza upepo.

Breki na shokomzoba kabla ya nguvu

Ukitoka kasi ya 60 hadi 80, umeongeza theluthi moja tu. Lakini umbali unaohitaji kusimama baada ya breki kushika unaongezeka karibu mara 1.8. Hesabu hiyo haibembelezeki.

Oili ya breki hunyonya unyevu, na kisiwa chetu hakina uhaba wa unyevu. DOT 4 mpya haichemki hadi ifike nyuzi 230. Ikishanyonya maji, kiwango kinaweza kushuka hadi 155, na oili ikichemka pedali inazama hadi sakafuni. Ibadilishe kila baada ya miaka miwili. (DOT hii si ile ya wiki na mwaka kwenye tairi, usichanganye.) Pedi za mashindano ziache kwa wenye mashindano, zinataka kupata moto ndipo zishike, na wewe unatoka Makadara kwenda sokoni. Pedi nzuri za barabarani zinakutosha.

Na tafadhali, usikate springi kwa grainda. Springi iliyokatwa inakuwa ngumu kuliko ilivyopimiwa, na gari likiruka tuta inaweza kuchomoka mahali pake. Ukitaka kushusha gari, nunua springi fupi zilizotengenezwa kwa gari lako pamoja na shokomzoba zinazolingana nazo, kisha upime mwelekeo wa magurudumu. Zile za kupandisha na kushusha kwa nyuzi, jua kwamba chumvi ya bahari huzigandisha zisipooshwa na kupakwa grisi.

Sasa tuje kwenye ekzosi

Injini isiyo na tabo kama yangu haipati nguvu nyingi kwa kubadilisha bomba la nyuma. Unachopata zaidi ni sauti. Filta ya wazi ikikaa juu ya injini bila kingo inavuta hewa ya moto, na hewa ya moto ina oksijeni kidogo. Kwenye foleni ya Digo Road saa nane mchana nilikuwa nimelipia kupunguza nguvu.

Halafu kuna majirani. Mji wa Kale una vichochoro ambavyo sauti haina pa kutokea. Inagonga ukuta mmoja, inarudi wa pili, inaingia dirishani kwa bibi wa watu anayeswali. Kanuni za kelele za mwaka 2009 zipo na NEMA wanaweza kukufuata, lakini mimi kilichonitosha ni jirani kunisalimia akiwa ameziba sikio la mjukuu wake.

Na bima: ukibadilisha gari waambie. Siku ya ajali wakigundua wenyewe wanaweza kukataa kulipa.

Wanaodhani gari dogo halina heshima bila kelele, wamuulizie Patrick Njiru. Mwaka 1993 alimaliza Safari Rally kwa Subaru Vivio, kigari chenye injini ya sisi 660. Barabara zile zilivunja magari makubwa; yeye alifika.

Mimi ile ekzosi niliiuza. Pesa yake ikalipa matairi mawili mapya, mengine mawili nikayangoja mwezi mzima huku nikipanda matatu. Sasa Swift yangu ikifika Mama Ngina watu hawageuki, na mvua ikinyesha napita Buxton nikiwa na nafasi ya kutosha mbele yangu.

Jumamosi iliyopita dogo mmoja alikuja na Demio, akaniuliza ekzosi gani nampendekezea. Nikamwambia kwanza tuiname. Tulimulika tairi la nyuma kwa simu, tukatafuta zile tarakimu nne. 0912. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza matairi ya inchi 16 yanapatikana wapi.

Na wewe, kabla hujaja Jumamosi, inama uyasome yako.