Injini ya Pili kwa Gari la Zamani

Katika mji wetu wa Lubumbashi jamaa nyingi hula, huvaa na kusomesha watoto kwa nguvu ya pikapu iliyokwisha kuzeeka. Alfajiri gari hilo lafuata njia ya Kasenga au ya Kipushi kutafuta makaa na mahindi. Jioni larudi sokoni na mzigo. Siku injini yake inapokufa, si chuma tu kilichokufa. Karo ya shule yasimama, na deni la jirani halina wa kulilipa. Baba wa jamaa akusanya akiba yote ili anunue injini nyingine, naye ajua ya kuwa fedha hiyo haitapatikana mara ya pili. Basi na tufikiri pamoja naye kabla hajafungua mfuko.

Kwanza ujue kilichoiua

Mganga mwema hatoi dawa kabla ya kuujua ugonjwa. Injini nyingi hazifi kwa uzee, bali huuawa. Huenda rejeta imeziba kwa kutu, maji hayazunguki, na kichwa cha silinda kimepasuka kwa joto. Huenda chujio la hewa limechakaa, na vumbi jekundu la kiangazi, toka Mei hata Oktoba, limekwisha kuzila silinda na pistoni kama msasa. Huenda mkanda wa taimingi ulikatika, valvu zikagongana na pistoni. Mtu akitia injini nyingine penye rejeta ile ile iliyoziba, atazika maiti wa pili katika kaburi la wa kwanza.

Kufufua au kubadili?

Wako wasemao, “Heri kuifufua ya kale.” Neno hili si la kudharauliwa. Katanga ni nchi ya mafundi wa chuma. Union Minière ilianzishwa mwaka 1906, reli ilifika hapa mwaka 1910, na tangu siku hizo karakana za migodi na za reli zimelea wakerezaji hodari. Ikiwa mwili wa injini ni mzima, silinda zaweza kukerezwa upya na kutiwa pistoni kubwa kidogo. Lakini ikiwa mwili wenyewe umepasuka, au mhimili mkuu umeharibika mno, afadhali kutafuta nyingine.

Tafuta ndugu wa karibu

Hapa ndipo wengi hupotea, kwa maana huitamani nguvu wala hawatazami ujamaa. Tuchukue mfano wa Toyota Hilux za miaka ya 1980 na 1990, ambazo nyingi zilitoka kiwandani na injini ya mazuti iitwayo 2L, yenye ujazo wa sentimeta za ujazo 2,446. Injini hiyo ina ndugu zake: 3L yenye 2,779, na 5L yenye 2,986. Hao ni wa ukoo mmoja. Kwa kawaida hufunga giaboksi ile ile, na pampu zao za mazuti huenda bila kompyuta, hata fundi wa kijijini aweza kuzitengeneza.

Tena liko jambo ambalo watu wa pwani hawalijui. Mji wetu umeinuka mita kama 1,200 juu ya bahari, na hewa ya huku ni nyepesi kuliko ya pwani kwa sehemu moja ya kumi hivi. Injini isiyo na turbo hupungukiwa na nguvu kwa kiasi hicho. Basi aiondoaye 2L na kutia 3L aongeza ujazo kwa zaidi kidogo ya sehemu moja ya kumi. Yaani arudishiwa kile ambacho mwinuko wa nchi ulimnyang’anya, wala gari halijui kama limebadilishiwa bwana.

Lakini yule atakaye 2L-T kwa sababu ya turbo yake, afahamu ya kuwa injini hiyo yajulikana kwa kupasuka kichwa inapopata joto mno. Naye atakaye 1KZ-TE, injini yenye nguvu kweli, hanunui injini peke yake: anunua pia kompyuta yake, nyaya zake, na fundi wa kuzielewa. Je, siku itakapozima katikati ya njia ya Kasenga, nani ataiamsha?

Pima, usisadiki maneno

Injini zilizotumika hutufikia kutoka Japani au Dubai. Nyingi hupitia bandari ya Dar es Salaam, huivuka Zambia, na kuingia kwa mpaka wa Kasumbalesa. Muuzaji husema, “Hii imetembea kidogo tu.” Pengine ni kweli. Lakini kipimo hakina ulimi wa kusifu bidhaa. Mwombe fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Kwa injini za ukoo wa L, silinda nzima hutoa kilo kama 32 kwa kila sentimeta ya mraba. Ikishuka chini ya 20, imechoka. Tena silinda zisiachane kwa zaidi ya 5.

Fungua kifuniko cha oili: ukiona ute mweupe kama maziwa, maji yamekwisha kuingia. Iamshwe ikiwa baridi, mbele ya macho yako. Moshi wa buluu maana yake yala oili. Ikiwa ilitoka katika gari la usukani wa kuume, na lako lina usukani wa kushoto, fundi atazame kama mabomba yatapita bila kukigusa kisanduku cha usukani.

Hesabu ya mnara

Katika Injili ya Mtakatifu Luka, sura ya 14, Bwana wetu amtaja mtu atakaye kujenga mnara: sharti aketi kwanza na kuhesabu gharama, asije akachekwa na wapitao. Bei ya injini si gharama yote. Ongeza mkanda mpya wa taimingi, pampu ya maji, rejeta iliyosafishwa, chujio, oili, na ujira wa fundi. Nani asiyeona injini nzuri ikilala uani miezi mingi, kwa kuwa mwenyewe alimaliza fedha siku ya kuinunua?

Tena utake stakabadhi, ukalinganishe namba iliyochongwa juu ya injini na iliyoandikwa, na kuiandikisha katika hati za gari. Injini ya bei nyepesi isiyo na karatasi huenda iliibwa. Na chakula cha watoto wako kitatoka katika machozi ya watoto wa mwingine. Amri ya saba yamhusu mnunuzi kama imhusuvyo mwizi.

Nanyi vijana wa shule, msiidharau kazi hii. Mapadre Wasalesiani walifika mjini hapa mwaka 1911, wakaanza kuwafundisha vijana kazi za mikono. Na mwaka 1955 Baba Mtakatifu Pio XII aliweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Fundi asemaye kweli mbele ya injini mbovu, hata kama kweli hiyo yamkosesha ujira wa siku, ameokoa nyumba nzima isianguke.