Joto la Kupikia Pombe ya Kienyeji kwa Gharama Ndogo

Mpishi wa pombe ya mtama huhitaji joto kwa kazi mbili zilizo tofauti, na hasara nyingi za kuni na nafaka hutokana na kuzichanganya. Kazi ya kwanza ni kupika uji hadi wanga uvimbe na kulainika. Ya pili ni kuuweka uji huo katika joto la wastani ili vimeng'enya vya kimea viugeuze wanga kuwa sukari, chakula cha chachu. Vimeng'enya hivyo hufanya kazi vema karibu na nyuzi 65 za Sentigredi. Joto likifika nyuzi 80 huharibika upesi, na kuupoza uji baadaye hakuvirudishii uhai.

Wanga wa shayiri, itumiwayo Ulaya, hulainika kabla ya nyuzi 65, hivyo kazi zote mbili huweza kufanyika pamoja. Wanga wa mtama huhitaji mara nyingi nyuzi 68 hadi 78. Ndiyo maana bibi zetu hupika uji kwanza, wakaupoza, ndipo wakatia kimea. Utaratibu huo ni sayansi kamili, ingawa haukuandikwa vitabuni.

Je, asiye na kipimajoto atazipataje nyuzi 65? Atumie hesabu ya michanganyiko. Tukichukulia kwamba uji huhifadhi joto karibu sawa na maji, lita 8 zinazochemka kwa nyuzi 100, zikichanganywa na lita 7 za nyuzi 25, hutoa lita 15 za nyuzi 65 barabara. Kimea kikorogwe kwanza katika yale maji baridi, kisha uji umiminwe humo kidogo kidogo huku ukikorogwa. Kwa njia hiyo joto hupanda kutoka chini. Anayetupa kimea ndani ya uji wa moto huunguza sehemu ya vimeng'enya kabla mwiko haujazunguka.

Hesabu hiyo ni ya pwani. Nairobi, penye mwinuko wa mita zipatazo 1,700, maji huchemka kwa nyuzi 94 hivi, na maji ya mtungini yaweza kuwa na nyuzi 20. Vipimo vile vile vitaleta nyuzi 59 na nusu tu. Huko yafaa lita 9 za moto kwa 6 za baridi. Walimu wawape wanafunzi zoezi hili kwa mwinuko wa shule yao.

Mchanganyiko huo hautaki moto tena, bali hifadhi. Chungu kilichofunikwa kiwekwe ndani ya kikapu kikubwa kilichojazwa nyasi kavu au maganda ya mpunga, kisha kifunikwe blanketi. Kikapu hicho ndicho kifaa cha bei nafuu kuliko vyote, nacho hufanya kazi ambayo viwandani hufanywa kwa mitambo.

Sasa tutazame kuni. Kuchemsha lita 8 kutoka nyuzi 25 huhitaji kilojuli 2,500 hivi. Kilo moja ya kuni kavu ina kilojuli zipatazo 16,000, kwa hiyo gramu 160 zingetosha. Lakini jiko la mafiga matatu lililo wazi kwa upepo, likipeleka chunguni sehemu moja tu kati ya kumi ya joto lake, litakula kilo 1.6. Ukuta wa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, ukikizunguka chungu na kuacha mwanya mwembamba kama upana wa kidole, hulazimisha moshi wa moto kulamba ubavu wa chungu kabla ya kutoka.

Kifuniko nacho kisidharauliwe. Lita moja ya maji inayopotea kwa mvuke huondoka na joto ambalo lingechemsha lita 7 nyingine. Uji ukishachemka, moto mkali hauongezi joto lake, huongeza mvuke tu.

Chombo kilichopakwa zinki hakifai, maana uchachu huimumunya zinki. Pipa lililowahi kubeba dawa au mafuta ya mitambo lisitumike kamwe, hata likioshwa.

Baada ya saa moja, chukua kijiko cha majimaji yaliyotuama, yapoze, kisha tia tone la iodini. Rangi ya buluu iliyokoza huonyesha kwamba wanga ungalipo, basi chungu kirudishwe kikapuni. Rangi ya iodini isipobadilika, wanga umekwisha. Shuleni jaribio likomee hapo, kabla chachu haijatiwa.