Vidonge vya Watu Katika Maji ya Kuku



Siku moja bibi mmoja alikuja zahanati. Alisema anaharisha. Nilimpa vidonge vya rangi mbili. Hapo nilikosea. Watu walikuwa wengi, na sikumpima vizuri.

Jioni nilipita kwake. Nilimkuta uani, anafungua vidonge vile na kumwaga unga wake katika maji ya kuku.

"Shikamoo bibi."

"Marahaba mwanangu. Usinikasirikie. Vifaranga wanaharisha. Wamekufa 7. Na kuku hawa ndio daftari za wajukuu wangu."

Sikumkasirikia. Lakini nilikaa naye, nikamweleza.

Tumboni mwa kuku mna vijidudu vingi. Vingine ni vizuri, vinamsaidia kuku. Vingine ni vibaya, kama salmonela. Hivi huharisha vifaranga, na huweza kutuharisha sisi pia. Ukitia dawa ya vidonge kidogo kidogo, vijidudu dhaifu hufa. Vile vyenye nguvu hubaki na kuzaana. Vinatoka katika kinyesi, vinaingia katika mikono ya mtoto anayetambaa uani. Mtoto akiugua, nampa dawa ile ile, nayo haifanyi kazi. Jambo hili ndilo linalonitisha.

Nchi za Umoja wa Ulaya zilipiga marufuku kuwalisha mifugo dawa za namna hii ili wakue haraka. Marufuku hiyo ilianza tarehe 1 Januari 2006. Wafugaji wengi huko sasa hutumia mafuta ya mimea yenye harufu kali. Sisi tunayo mimea ya namna hiyo jikoni.

Chukua kitunguu saumu. Kikiwa kizima hakinuki sana. Ukikitwanga, harufu kali inatoka. Harufu hiyo ndiyo dawa yenyewe, nayo huzaliwa wakati wa kutwanga. Mimi hutwanga punje 3 au 4, naziacha dakika 10, kisha nazitia katika lita 1 ya maji safi na kuchuja. Kuku wanywe asubuhi. Usichemshe, maana moto unaua nguvu yake. Usilaze mpaka kesho. Usizidishe, maana kitunguu kingi sana kinaweza kumdhuru kuku.

Pilipili kavu iliyosagwa nayo inafaa, kidogo tu katika pumba. Msiogope, pilipili haimchomi kuku kama inavyotuchoma sisi. Mwarobaini wengi wanausifu, lakini ni mchungu mno. Nimeona vifaranga wakikataa maji yake, na kifaranga asiyekunywa maji anakufa kwa kiu kabla ya ugonjwa.

Mimea hii hupunguza vijidudu, haivimalizi. Kwa hiyo osha chombo cha maji kila siku. Fagia banda. Nawa mikono kwa sabuni ukishika kuku. Pika nyama na mayai mpaka yaive kabisa. Na kuku wasilale chumba kimoja na mtoto.

Tena, kitunguu saumu hakitibu mdondo. Ukiona kuku wanapinda shingo, wanaharisha kijani, na wanakufa wengi kwa siku chache, usipoteze muda na kinu. Mdondo hauna dawa, una chanjo. Ipo ya tone 1 katika jicho, na hurudiwa kila miezi 3. Hutolewa kwa kuku wazima, kabla ugonjwa haujafika. Mwoneni bwana mifugo.

Bibi alimwaga maji yale. Siku ya tatu alikuja zahanati na kikapu. Alinirudishia vidonge vilivyobaki, akanipa na mayai 9 kuwa zawadi.

Nilimshukuru sana. Kisha nikamwuliza kama kuku waliotaga ni wale waliokunywa dawa. Alisema ndio. Dawa hukaa katika mayai na nyama kwa siku kadhaa, na bwana mifugo ndiye anayejua ni siku ngapi. Basi tulichukua jembe, tukayafukia mayai yote 9 nyuma ya zahanati. Bibi alisikitika kweli, na mimi pia.