Dawa ya Unga Ikishatiwa Maji, Hesabu Siku

Akina mama wengi huuliza: kwa nini amoksilini ya watoto hutolewa ikiwa unga, na ikishachanganywa hutakiwa kutupwa baada ya siku chache, hata kama imebaki nusu chupa?

Sababu ni maji. Amoksilini ni ya ukoo wa penisilini. Ikiwa kavu hudumu muda mrefu, lakini ndani ya maji ile sehemu inayoua vijidudu huvunjika kidogo kidogo, na joto huongeza kasi. Wataalamu wa maabara huchanganya chupa kadhaa, nyingine huziweka kwenye friji, nyingine kwenye joto, kisha hupima siku hadi siku ni dawa kiasi gani imesalia. Kipimo kinachotumika sana ni asilimia 90. Ndiyo maana chupa nyingi huandikwa siku 7, na nyingine siku 14 zikikaa kwenye friji.

Jicho na ulimi haviwezi kupima hayo. Rangi na utamu huweza kubaki vilevile huku nguvu imepungua. Mtoto mwenye nimonia akipewa mabaki ya zamani, mama hudhani anamtibu, kumbe ugonjwa unaendelea.

Kisiwani Mafia kuna joto, na si kila nyumba ina friji. Basi tuzingatie haya:

1. Ukisafiri kwa mashua kutoka Kilindoni kwenda Jibondo au Juani, omba unga usichanganywe, uelekezwe namna ya kuchanganya nyumbani. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa, mpaka kwenye alama ya chupa.
2. Andika tarehe ya kuchanganya juu ya chupa.
3. Iweke kivulini, mbali na jiko, kwa mfano kando ya mtungi wa maji. Itikise kabla ya kila dozi.
4. Maliza siku ulizoandikiwa. Kilichobaki usimwekee mdogo wake.
5. Ukipewa vidonge vya kuyeyusha, ambavyo Shirika la Afya Duniani hupendekeza kwa watoto, yeyusha dozi moja tu kwenye kijiko cha maji safi, umpe papo hapo.

Mtoto mwenye kikohozi akipumua mbio, yaani mara 50 au zaidi kwa dakika kwa wa miezi 2 hadi 12, au mara 40 kwa wa mwaka 1 hadi 5, au kifua kikibonyea anapovuta pumzi, usitafute chupa ya zamani. Mpeleke kituo cha afya siku hiyohiyo.