Kliniki, Maabara au Zote Mbili: Uamuzi wa Kusomea Shahada Pacha ya Optometria

Optometria ni taaluma ya afya inayoshughulikia upimaji wa uwezo wa kuona, utoaji wa miwani na lenzi za kuvaliwa jichoni, pamoja na utambuzi na, katika baadhi ya nchi, matibabu ya maradhi ya macho yasiyohitaji upasuaji mkubwa. Mtaalamu wake hutofautiana na daktari bingwa wa macho, ambaye kwanza husomea udaktari wa binadamu kisha akabobea katika tiba na upasuaji wa jicho, na hutofautiana pia na fundi miwani, ambaye hukata lenzi na kuzipachika kwenye fremu kwa mujibu wa vipimo alivyoletewa. Nchini Marekani, ambako shahada pacha inayojadiliwa hapa imeota mizizi, mwanafunzi humaliza kwanza masomo ya chuo kikuu, kisha huingia chuo cha optometria kwa miaka minne hadi apate shahada ya udaktari wa optometria, ifahamikayo kwa herufi OD, na hufanya mitihani ya bodi ya taifa yenye sehemu tatu kabla jimbo halijampa leseni.

Sambamba na njia hiyo ipo njia ya shahada ya uzamivu, yaani PhD, katika sayansi ya uonaji, ambayo ni elimu inayochunguza jinsi mwanga unavyopita katika jicho, jinsi retina inavyougeuza kuwa ishara za neva na jinsi ubongo unavyozisoma ishara hizo. Vyuo vikuu kadhaa, vikiwemo Berkeley, Ohio State, Houston, Indiana na Alabama kule Birmingham, pamoja na chuo cha optometria cha jimbo la New York, vimewawezesha wanafunzi kuchukua shahada hizo mbili kwa mpango mmoja, ambao kwa kawaida hudumu miaka saba au minane. Shahada ya kwanza kati ya hizo humfunza mtu kutumia maarifa yaliyokwisha kuthibitishwa kwa faida ya mgonjwa aliye mbele yake, na ya pili humfunza kuyatilia shaka maarifa hayohayo na kuzalisha mapya.

Yafaa kuondoa mapema sababu moja mbaya ya kuifuata njia hii, nayo ni fahari ya cheo. Mwenye OD tayari huitwa daktari, na leseni yake haipanuki hata kidogo kwa kuongezewa uzamivu, kwa kuwa hakuna dawa ambayo ataruhusiwa kuiandika, wala kipimo ambacho ataruhusiwa kukifanya, ambacho mwenzake asiye na PhD amezuiwa. Mgonjwa aliyeketi kitini kusoma herufi ukutani hatambui tofauti yoyote baina ya wawili hao, na hana sababu ya kuitambua.

Tofauti hujitokeza pale ambapo swali limezaliwa kliniki lakini haliwezi kujibiwa kliniki, na mfano ulio wazi ni wa tatizo la kutoona mbali kwa watoto. Tatizo hilo hutokea jicho linaporefuka kupita kiasi, hata picha ya kitu kilicho mbali ikatua mbele ya retina badala ya kutua juu yake, na miwani ya kawaida huirekebisha picha lakini haiuzuii urefu usiendelee kuongezeka. Katika Chuo Kikuu cha Houston, Earl Smith, mwenye shahada zote mbili, alionyesha kwa majaribio juu ya kima wachanga wa aina ya rhesus kwamba ukuaji wa jicho hauongozwi na kitovu cha retina peke yake, bali hata sehemu za pembeni zina sauti katika jambo hilo. Matokeo hayo yaliwapa watafiti sababu ya kujiuliza kama lenzi inayosogeza mbele ya retina picha za pembeni, huku ikiiacha picha ya katikati ikiwa safi, ingeweza kupunguza kasi ya jicho la mtoto kurefuka.

Jibu lilitafutwa katika utafiti uliopewa jina la BLINK, ulioongozwa na Jeffrey Walline wa Ohio State, naye pia akiwa na OD na PhD, ukifanyika katika chuo hicho na kile cha Houston, na matokeo yake yakachapishwa mwaka 2020. Watoto 294 wenye umri wa kati ya miaka 7 na 11 waligawanywa kwa kubahatisha, yaani bila mzazi wala mtafiti kuchagua, katika makundi matatu: kundi moja lilivaa lenzi za kawaida za jichoni, la pili lenzi zenye nguvu ya ziada ya wastani pembeni, na la tatu lenzi zenye nguvu ya ziada kubwa ya dayopta 2.50 pembeni, dayopta ikiwa kizio cha kupimia nguvu ya lenzi. Baada ya miaka mitatu, tatizo lilikuwa limeongezeka kwa dayopta 1.05 kwa waliovaa lenzi za kawaida, lakini kwa dayopta 0.60 tu kwa waliovaa zile zenye nguvu kubwa. Ama waliovaa lenzi za wastani, tofauti yao na kundi la kwanza ilikuwa ndogo mno kiasi kwamba haikuweza kutenganishwa na bahati tu. Jambo hili la mwisho ndilo linalopaswa kumkaa akilini anayefikiria shahada pacha, kwa sababu mtaalamu wa kliniki aliyezoea uangalifu angeelekea kuchagua nguvu ya wastani, angewaona baadhi ya watoto wakiendelea vyema, na angeweza kustaafu akiamini kwamba aliwasaidia. Kubuni utafiti wa namna hiyo kulihitaji mtu anayejua jinsi ya kumvisha mtoto wa miaka saba lenzi jichoni bila kumtia hofu, na ajuaye pia ni watoto wangapi wanaohitajika ili bahati isije ikajifanya tiba.

Hata hivyo ni makosa kudhani kwamba uchunguzi wote wa jicho unadai shahada mbili. Austin Roorda, aliyekuwa mmoja wa watafiti waliopiga mwaka 1999 picha zilizoonyesha mpangilio wa aina tatu za chembe zinazopokea rangi ndani ya jicho la mtu aliye hai, alitokea upande wa fizikia na sayansi ya uonaji, si wa kliniki. Kwa upande mwingine, mtandao wa watafiti wa macho ya watoto ujulikanao kwa herufi PEDIG, ulioanza mwaka 1997, umewashirikisha wataalamu wa optometria na madaktari bingwa wanaofanya kazi katika kliniki za kawaida, wengi wao wakiwa hawana uzamivu. Mwaka 2003 mtandao huo uliripoti kwamba, kwa watoto wenye jicho vivu la kiwango cha kati, yaani jicho ambalo ubongo umelipuuza tangu utotoni, kuziba jicho la pili, lililo zima, kwa saa mbili kila siku kulileta matokeo sawa na kuliziba kwa saa sita. Wanaoupenda utafiti kama mchango, na si kama kazi ya maisha, wana nafasi kubwa huko. Wanaotaka zaidi kidogo wanaweza kutosheka na shahada ya uzamili, ambayo baadhi ya vyuo, Ohio State kikiwa kimojawapo, huiunganisha na OD.

Upande wa fedha umejaa dhana iliyoazimwa kutoka fani nyingine. Katika udaktari wa binadamu, serikali ya Marekani imekuwa ikifadhili tangu mwaka 1964 mpango wa kuwasomesha madaktari watafiti, ambao hulipiwa hata ada ya masomo ya tiba, na kutokana na hilo umeenea usemi kwamba asomaye shahada pacha hasomi kwa gharama yake. Optometria haina mpango mpana wa namna hiyo. Kwa kawaida miaka ya uzamivu hufutiwa ada na kuambatana na posho ya kujikimu, ilhali miaka minne ya kliniki hulipwa na mwanafunzi mwenyewe, mara nyingi kwa mkopo ambao riba yake huendelea kuongezeka hata wakati yumo maabara na hajaanza kulipa. Zaidi ya hayo, kwa kuwa mshahara wa kati wa mtaalamu wa optometria nchini humo unazidi dola 125,000 kwa mwaka, miaka minne ya uzamivu ina maana ya kuacha mezani takriban nusu milioni kabla ya kodi, na posho hufidia sehemu ndogo tu ya kiasi hicho. Taasisi ya Taifa ya Macho, iliyoundwa mwaka 1968, ina ruzuku za mafunzo, na upo mpango wa serikali wa kuwalipia watafiti madeni yao ya masomo, ila nafasi hizo hushindaniwa na zimetengwa hasa kwa raia na wakazi wa kudumu.

Utaratibu wa masomo nao una mtego wake. Anayesoma miaka miwili ya kliniki, akaingia maabara, kisha akarudi kuwaona wagonjwa, hukuta mikono imesahau na sehemu ya kwanza ya mtihani wa bodi, inayohoji sayansi za msingi, ikimsubiri. Anayemaliza OD kwanza huepuka hilo, lakini hukabiliwa na kishawishi cha mshahara, na wengi huondoka wasirejee. Kati ya njia hizo, ya pili ndiyo yenye busara zaidi kwa asiye na uhakika, kwa maana humwachia leseni mkononi hata uzamivu ukimshinda.

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki hesabu ni nyingine kabisa. Huku optometria husomwa kama stashahada au shahada ya kwanza, kama inavyofundishwa Moshi katika KCMC na Kakamega katika Chuo Kikuu cha Masinde Muliro, hivyo aliyehitimu shahada hiyo anayo tayari elimu ya kliniki ambayo Mmarekani huinunua kwa miaka minne na deni kubwa. Kilichobaki kwake ni uzamili na uzamivu, ambavyo anaweza kuvipata Durban katika Chuo Kikuu cha KwaZulu-Natal, au Ulaya na Marekani kwenyewe, ambako posho ya chuo kwa mwanafunzi wa PhD haimtengi mgeni kama zinavyofanya ruzuku za serikali. Kurudia OD kuna maana kwa yule tu anayekusudia kuishi na kutibu Marekani, na vyuo vichache, kikiwemo New England College of Optometry cha Boston, vina utaratibu wa kufupisha masomo kwa waliofuzu ng'ambo.

Maswali ya kutafitiwa huku hayajapungua. Utafiti uliofanyika katika shule za sekondari za Dar es Salaam na kuchapishwa mwaka 2008 ulilinganisha wanafunzi waliopewa miwani bure na wale waliopewa cheti cha vipimo pekee, na baada ya miezi mitatu ilibainika kwamba hata katika kundi lililopewa bure waliokuwa wakiitumia miwani au waliokuwa nayo shuleni hawakufika nusu. Mpimaji aliyetoa miwani sahihi alikuwa ametimiza wajibu wake wote, na bado tatizo lilikuwapo, likingoja mtu wa kuuliza kwa nini.

Anayeamua sasa na ajaribu kwanza miezi michache ya kazi halisi ya utafiti, ile ya kukagua takwimu zilizokosewa na kuandika upya ripoti iliyorudishwa, kwa sababu hiyo ndiyo itakayojaza siku zake kuliko ugunduzi. Na kabla ya kutia sahihi popote, amwombe msimamizi mtarajiwa orodha ya wanafunzi wake waliopita, awatafute, na awaulize walimaliza baada ya miaka mingapi na sasa wanafanya kazi gani.